Mharibifu wa Shayiri ya Mtongwe

Mimi si mwepesi wa kuamini watu, na sioni haya kulisema. Miaka thelathini na mmoja nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Kazi yangu ilikuwa kusimama na daftari, gunia likipita natia alama. Nimeona magunia ya mchele yakifika nusu, na aliyeyabeba akiapa kuwa yalitoka melini vile vile. Mara nyingi aliyeapa kwa sauti kubwa ndiye aliyekutwa na mchele mfukoni. Nilipostaafu na kurudi kwetu Mtongwe, Likoni, nilirudi na macho yale yale, na ndiyo yaliyoniponza.

Shamba lenyewe ni nusu ekari. Alituachia mama, mimi na mdogo wangu Mansur. Tangu mama afariki lilikuwa limelala, linaota magugu na kutupiwa mifuko. Mansur ana duka la vipuri vya magari Changamwe, na hana subira na kitu chochote kisichokuwa na injini. Akapata mtu wa kulinunua, afanye yadi ya makontena. Mimi nikakataa. Mama alilima muhogo na kunde pale mpaka mgongo ukapinda, na kila nikifikiri makontena yakikalia matuta yake nashikwa na hasira. Tukazozana mwezi mzima, tukafikia kutosalimiana msikitini. Maalim Hadi, imamu wetu, akachoka nasi, akatuita kwake akatukalisha.

"Nipeni msimu mmoja," nikasema. "Nitapanda shayiri. Nikivuna gunia mbili, shamba haliuzwi tena maisha. Zisipotimia, natia sahihi siku hiyo hiyo."

Mansur akacheka. "Shayiri, Kaka? Shayiri ni mtu wa baridi yule. Hapa Likoni ataishi?"

Nilikuwa na sababu zangu. Rafiki yangu wa bandarini, mtu wa bara, alinipa mbegu na kuniambia zitaota hata kwetu nikizipanda wakati wa mvua. Nami nilikuwa naona kila Ramadhani watu wanavyohangaika kutafuta shayiri ya supu, na ya talbina, ule uji wa shayiri, maziwa na asali anaopewa mgonjwa au mfiwa ili moyo utulie. Sikumweleza Mansur yote hayo. Karatasi ya mauzo ikaachwa mikononi mwa Maalim Hadi, mahali pangu pa sahihi pakiwa wazi.

Nilipanda mwezi wa tano. Shayiri ikaota, wallahi, ikasimama kijani kibichi hadi wapita njia wakawa wanasimama kuuliza ni mpunga gani huu wa nchi kavu. Wiki tano nilikuwa mtu mwenye furaha, jambo ambalo waliokaa karibu nami watakwambia si la kawaida. Wiki ya sita majani yakaanza kugeuka manjano na kujikunja. Kisha nikaona jambo lililonipandisha damu kichwani. Majani yalikuwa yananata. Nikapitisha kidole, nikalamba. Tamu! Na sisimizi walikuwa wanapanda na kushuka kwenye mashina kama wako sokoni.

Nikasema hapo hapo, peke yangu, kwa sauti: mtu kanimwagia maji ya sukari shambani aniitie wadudu.

Na wadudu niliwaona. Vilikuwa vidudu vyekundu, vya mviringo, ukubwa wa nusu ya kunde, vina madoa meusi mgongoni. Pamoja navyo kulikuwa na vingine vyeusi virefu, vina miiba na alama za rangi ya chungwa, sura mbaya kama mamba aliyesinyaa. Kulikuwa pia na kitu kama vumbi la kijani chini ya majani, lakini macho ya miaka sitini na minne hayahangaiki na vumbi. Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikatia mafuta ya taa, nikaanza kuokota vile vyekundu na vile vyeusi kimoja kimoja. Jioni nikavihesabu. Themanini na vinne. Nikaandika kwenye daftari, maana kesi bila hesabu ni porojo.

Siku ya tatu akaja Samiha. Samiha ni binti wa Mansur, ana miaka ishirini na sita, amesomea kilimo na anafanya kazi kwenye kitalu cha miche Kiembeni. Alikuja na kioo cha kukuzia kimefungwa kwenye kamba shingoni.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Babako kakutuma?"

"La, Ami. Nilisikia shayiri yaumwa, nikaja kuitazama."

Ulisikia wapi, nikajiuliza, na nani kakwambia. Akapiga magoti kati ya mistari, akageuza jani, akalitazama kwa kioo chake, akaenda kwenye shina jingine, na jingine. Alitazama mashina kumi, akiandika kwenye kiganja.

"Hivi vya kijani ni vidukari," akasema. "Vyafyonza maji ya mmea. Huu utamu unaonata ni kinyesi chavyo, ndio sisimizi waufuata. Chukua maji ya sabuni ya mche, Ami, nyepesi tu, upulizie chini ya majani asubuhi, pale vilipojazana peke yake. Lakini hivi vyekundu na hivi vyeusi usiviguse. Ni mama na watoto, na chakula chao ni vidukari. Waache wakufanyie kazi."

Nikamtazama. Ana macho ya Mansur, yale yale aliyokuwa nayo babake utotoni akinificha kishada changu chini ya kitanda na kuapa hakukiona. Mtoto wa mtu anayetaka shamba life anakuja kuniambia nisiue wadudu! Kitu kinachoonekana kwa macho, chenye miiba, niache. Nikapigane na vumbi.

"Sawa, mwanangu," nikamjibu. "Nimekuelewa."

Alipoondoka tu nikashika kopo langu. Siku hiyo nikaokota kwa bidii kuliko siku zote, na nikagundua mayai yao ya manjano, yamepangwa chini ya majani kama punje za mtama. Nikayaponda kwa kidole gumba. Maji ya sabuni sikuyapuliza. Nilijua nia yake: sabuni iniunguzie majani, kisha waseme mzee kaua shayiri yake mwenyewe.

Daftari langu lilisema ukweli wangu. Vidudu vilipungua siku hadi siku: sitini, arubaini na moja, thelathini, hadi nikafika kumi na tisa. Nikaona ushindi umekaribia. Ajabu ni kwamba shayiri haikupata nafuu. Masuke yalianza kutoka yamekwama, yamepinda shingo, na majani yakafunikwa na weusi kama masizi ya sufuria. Kisha, Alhamisi moja, nikaokota vidudu tisini na saba.

Nilikaa chini pale pale kwenye tuta. Kumi na tisa jana, tisini na saba leo. Nilikuwa karani miaka thelathini na mmoja. Mzigo hauongezeki ghalani usiku mmoja ila mtu ameuleta. Nikazunguka mpaka wa shamba nikitazama ardhi. Upande wa mkwaju wa jirani nikaona alama za viatu, kisigino chepesi, zinaingia na kutoka. Roho ikanituma moja kwa moja Changamwe. Mansur asingekuja mwenyewe, anaogopa matope. Lakini alikuwa na vijana wa dukani, na alikuwa na sababu.

Siku hiyo hiyo nikaenda kwa Maalim Hadi kumwomba nisomewe Albadiri.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Albadiri ni kisomo cha kumshitaki kwa Mungu mtu aliyekudhulumu usiyemjua, na anayesomewa, watu wanaamini, hapiti salama. Kwetu haisomwi kwa kuvizia. Hutangazwa kwanza, ili mwenye kosa apate nafasi ya kuja kukiri.

Maalim akavua miwani. "Mwinyihaji, wewe wajua waomba nini? Mara nyingi nimewarudisha watu mlangoni kwa jambo hili. Hasira ikipoa hujuta."

"Yangu haipoi, Maalim."

"Kwa majani ya shayiri?"

"Kwa shamba la mama yangu."

Akavuta karatasi na kalamu. Kisha akaniambia nitaje kosa lenyewe, kwa maneno yangu, kama litakavyotangazwa. Nami nimeishi na hati za mizigo, naijua hati iliyoandikwa vibaya jinsi mwizi anavyopenya katikati ya maneno. Sikutaka Mansur aseme hakujua vijana wake wanafanya nini. Nikatamka polepole, Maalim akiandika: "Yeyote ambaye mkono wake umeharibu shayiri yangu, kwa kujua au kwa kutojua."

"Kwa kutojua pia?" Maalim akauliza. "Hiyo ni nzito. Iondoe."

"Iache," nikasema.

Akatangaza Ijumaa baada ya swala. Kisomo kitakuwa Ijumaa ifuatayo, baada ya alasiri, na mwenye kukiri ana wiki nzima. Msikiti mzima uligeuka kumtazama Mansur. Alinifuata nje, uso umemvimba.

"Wanisomea mimi, Kaka? Mimi niliyenyonya ziwa moja na wewe?"

"Sikutaja jina. Kama si weye, wahofia nini?"

Alivaa viatu vyake akaenda zake, na nakiri nilifurahi. Nilimwona amepatikana.

Wiki ile nikaamua kumkamata mharibifu kwa mikono yangu, nimfikishe kwa Maalim akiwa hai. Kila nikitoka swala ya alfajiri sikurudi nyumbani. Nilijibanza nyuma ya mwarobaini ulioko pembeni mwa shamba, nikingojea kupambazuke. Jumatatu hakuja mtu. Jumanne nikaumwa na mbu bure. Alhamisi, kumeanza kupata nuru, mtu akaja upande wa mkwaju, amevaa baibui, ameshika chupa kubwa ya plastiki mikono miwili. Akaingia kati ya mistari, akafungua kifuniko, akaipigapiga chupa taratibu juu ya majani. Nikaona vidudu vyekundu vikidondoka juu ya shayiri yangu.

Nilitoka nikipiga kelele. Akashtuka, chupa ikamponyoka.

"Samiha!"

"Abee, Ami." Sauti ilikuwa ndogo sana.

"Kumbe ni wewe! Mtoto niliyekubeba mgongoni! Babako kakupa nini uje kunipandia wadudu?"

Akaanza kulia, lakini hakukimbia. Alichuchumaa akaanza kuvikusanya vile vidudu kwenye kiganja, kwa haraka, kama mtu aliyemwaga lulu. "Hawa ndio dawa, Ami," akasema. "Nawaokota kwenye kunde za watu kule Kiembeni, saa nzima nikitoka kazini. Nilikuja wiki iliyopita nikaona hakuna hata mmoja, vidukari vimejaa. Nikasema labda wamehama. Nikaleta wengine. Jana nikapita, hawako tena. Sielewi wanakwenda wapi."

"Dawa gani? Wadudu dawa?"

Hapo alifanya jambo ambalo sikulitazamia. Alikata jani, akavua kioo shingoni, akaniwekea vyote viwili mkononi. "Tazama mwenyewe. Usiniamini mimi."

Nikatazama. Lile vumbi la kijani lilikuwa na miguu. Vilikuwa vidudu vidogo vidogo, vinene, vimechomeka midomo ndani ya jani, vimebanana bega kwa bega. Na katikati yao kilikuwa kile cheusi cha miiba, mamba wangu. Kilikishika kimoja cha kijani, kikakinyanyua, kikakifyonza mpaka kikabaki ngozi. Kikaenda kwa cha pili. Sikuondoa jicho mpaka kikamaliza cha nne.

"Hula vingapi?" nikauliza.

"Hamsini kwa siku, hivi. Wakiwa na njaa, zaidi."

Nikamrudishia kioo. Nikaenda nyuma ya mwarobaini nikaleta kopo, na daftari. Sikujua namna nyingine ya kusema. Samiha akachungulia ndani ya kopo. Akafunika mdomo.

Daftari lilikuwa na siku ishirini na mbili. Nilijumlisha hapo hapo, kwa mazoea: elfu moja, mia moja na ishirini na sita. Mayai niliyoyaponda sikuyaandika. Mara hamsini, kichwa kikanipa chenyewe, bila kuombwa: elfu hamsini na sita na mia tatu kwa siku moja.

"Mbona hukuniambia?" nikasema, nami najua ni maneno ya kijinga.

"Nilikwambia, Ami. Ukanijibu, sawa, mwanangu."

"Babako ajua waja hapa?"

"Hajui. Akijua ataniuliza niko upande wa nani."

"Na uko upande wa nani?"

"Wa shamba," akasema, akijifuta uso kwa mtandio. "Nilitaka libaki. Nilikuwa nafikiri, likibaki, siku moja nitakuomba kipembe nifanye kitalu changu. Sikutaka kukuambia mapema. Ungesema nimekuja kwa sababu hiyo."

Ningesema. Alinijua vizuri kuliko nilivyojijua mimi, na aibu niliyoiona asubuhi ile siwezi kuiandika ikatosha.

Aibu ilipopungua ikaja hofu. Kesho ilikuwa Ijumaa. Yeyote ambaye mkono wake umeharibu shayiri yangu, kwa kujua au kwa kutojua. Nilitazama kidole gumba, kingali na manjano ya mayai kwenye ukucha. Nikaenda mbio kwa Maalim Hadi, nikamkuta anakunywa chai.

"Mharibifu nimempata, Maalim. Kisomo kivunjwe."

"Alhamdulillahi. Ni nani?"

Nikamweleza. Hakucheka, Mungu amjazie kheri. Alikunja ile karatasi yenye maneno yangu, akaitia mfukoni.

"Kisomo kimevunjika," akasema. "Lakini tuhuma uliitangaza mbele ya watu, Mwinyihaji. Na watu wanamtazama nduguyo. Kuiondoa nayo ni mbele ya watu."

Kwa hiyo Ijumaa nilisimama. Mansur alikuwa safu ya tatu, amekaa wima kama aliyekuja kusikia hukumu yake. Nikasema mharibifu wa shayiri ya Mtongwe ni mimi. Nikasema nilikuwa nikiua walinzi na kuwaacha wezi, siku ishirini na mbili, nikihesabu. Nikasema mtoto wa ndugu yangu alinionya nikamdhania ubaya, na ndugu yangu nilimdhania ubaya zaidi. Huko nyuma watu wakaanza kucheka, kwanza wawili, kisha safu nzima. Mansur hakucheka. Aliinamisha kichwa, akawa anavuta uzi wa mkeka.

Wiki zilizobaki nilifanya kazi kwa amri ya Samiha. Asubuhi tulipulizia maji ya sabuni pale vidukari vilipojazana, tukiruka mashina yenye vidudu vyekundu. Kila Jumapili tulihesabu mashina kumi. Vidudu vyekundu vikazaa, vidukari vikapungua, na masuke yaliyochelewa yakatoka yamenyooka. Yaliyokwama hayakunyooka. Mwishoni mwa mwezi wa nane tukavuna, tukapura, tukapeta. Niliyajaza magunia mwenyewe, nikitikisa ili punje zishuke, kwa kuwa najua karani anayeacha gunia bila kulitikisa ili lionekane limejaa anaitwaje. La kwanza lilijaa. La pili likafika nusu, likakoma.

Tukakutana kwa Maalim Hadi, pale pale tulipokaa mwanzo. Mansur aliyatazama magunia mawili mlangoni, akakohoa.

"Kaka, maneno yale ya mwezi ule..." akaanza.

"Maneno yalikuwa gunia mbili," nikasema. "Hizi ni moja na nusu. Lete kalamu."

Hakubisha. Sikutarajia abishe, ni mfanyabiashara, na mnunuzi alikuwa anangoja. Nikatia sahihi kwa mkono ule ule uliokuwa ukishika kopo. Samiha alikuwa amesimama kizingitini, akaona kila herufi. Nilitaka kumwambia neno kuhusu kile kipembe alichotaka kuniomba. Sikulipata, naye akageuka akaenda zake bila kuaga.

Siku ya tatu alikuja nyumbani kwangu. Nilikuwa kibarazani, sijala tangu jana yake, nasikia tingatinga ikikwangua matuta ya mama kule ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameshika bakuli lililofunikwa kwa sahani.

"Shikamoo, Ami. Nimekupikia talbina. Ni shayiri yetu, ile ya gunia la nusu."

"Marahaba, mwanangu."

Nikapokea, nikafunua. Mvuke ukanipiga usoni, na harufu ya asali. Na kabla sijafikiri chochote, wallahi bila kukusudia, nikaliinamisha bakuli kwenye mwanga nikachungulia ndani.

Nilipoinua macho, Samiha alikuwa ananitazama. Akakaa kwenye ngazi, akanipa mgongo, akatazama upande wa tingatinga.

Nikanywa uji wote. Haukuwa na kitu ndani yake ila shayiri, maziwa na asali.